Fulana ya Kipa

Kombe la ligi yetu ni kopo la malai. Si la fedha wala la shaba. Ni kopo la bati, lile refu lenye mikono miwili ambalo wakulima walikuwa wakipelekea malai kwenye treni. Ligi ya vijana ilipoanzishwa, miji saba iliyopangana kando ya reli ndogo ilikuwa na vijana wengi wa kucheza mpira wa magongo juu ya barafu lakini haikuwa na hela ya kununua kombe. Basi mwenye kiwanda cha siagi akasema, chukueni hili, na mhunzi akachonga juu yake jina la mji ulioshinda mwaka ule. Tangu hapo, kila mwaka jina moja. Reli imeng'olewa. Kiwanda cha siagi kimekuwa makazi ya njiwa. Miji mitatu kati ya ile saba haina tena vijana wa kujaza hata benchi. Lakini kopo lipo, na majina yamelizunguka kutoka shingoni mpaka kitakoni. Jina la Tarrow, mji wetu, halimo.

Na ukimuuliza mtu yeyote wa Tarrow kwa nini halimo, atakwambia ni kwa sababu yangu.

Naitwa Verna Hnatiuk. Niliacha shule nikiwa msichana mdogo, mama alipovunjika nyonga na ng'ombe wakakosa wa kuwakamua. Kusoma nasoma polepole, na kuandika ndiyo shida zaidi. Haya naandika mwenyewe kwa sababu wengine wameshayaandika katika kitabu cha miaka arobaini ya ligi, ukurasa mzima, pamoja na kikaragosi cha mwanamke mnene aliyekumbatia pipa la povu. Mimi si mnene.

Niliolewa na Orest nikiwa bado na vumbi la zizini kwenye nywele. Yeye alifanya kazi kwenye maghala ya ngano yaliyokuwa kando ya reli. Maghala yalipobomolewa akabaki mtu wa vibarua: leo paa la huyu, kesho uzio wa yule. Mimi nikachukua kazi ya kufua nguo za timu. Baada ya kila mechi mfuko mkubwa wa turubai uliachwa kibarazani kwangu, mzito kama maiti, na harufu yake ikiingia ndani kabla yangu. Nilifua jezi, nikashona mikono iliyochanika, nikatoa damu kwa maji baridi na chumvi. Nilijivunia, nisifiche. Vijana walipoingia uwanjani wakiwa na jezi zinazong'aa, nilikaa jukwaani nikasema moyoni, hiyo nyeupe ni yangu.

Kila mfuaji katika ligi hii anaijua sheria moja. Mwanzo wa msimu unafua kila kitu. Mkifika mtoano na timu ikaanza kushinda, jezi za nje unafua, fulana za ndani hugusi. Zinaning'inizwa kwenye misumari juu ya tanuri la chumba cha kubadilishia nguo, zinakauka na jasho lake, zinavaliwa tena. Vijana hawanyoi ndevu, hata wale wenye vinyweleo vitatu, na hawafui fulana. Ushindi umo mle ndani. Ukifua, umeutoa. Mgeni atacheka. Mimi sijawahi kucheka. Mama yangu alikuwa hafagii nyumba siku ng'ombe anapozaa, na hakuna aliyemwita mjinga.

Mwaka ule tulifika fainali. Tarrow ilikuwa haijawahi kufika. Tulicheza na Melby Lake, mechi sita zikaisha kila upande umeshinda tatu, ya saba ikawa kwetu. Watu waliokuwa hawajasemeana tangu ugomvi wa mipaka ya mashamba walikuwa wanashikana mabega dukani. Kipa wetu alikuwa Kelsey Thorvaldson, mtoto wa kulelewa na mjomba wake, kijana mrefu mwenye fulana moja ya sufu ya kijivu ambayo ilikuwa imefikia kusimama yenyewe. Kabla ya kuivaa aliugusa msumari wake mara mbili. Hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu nayo.

Siku moja kabla ya mechi, nilikwenda uwanjani mchana kuchukua mfuko. Meneja wa timu, Garth Wickstrom, alinikuta chumbani. Garth alikuwa amesoma mjini, akarudi kuuza bima, na alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya uwanja. Alikuwa na tabia ya kusema na mtu huku akiangalia saa.

"Verna, leo fua zote," akasema.

"Zote zipi?"

"Zote. Za nje na za ndani."

Nikadhani anatania. "Garth, wewe kweli umezaliwa Tarrow? Hizo hazifuliwi."

"Kesho wanakuja wakubwa wa ligi, na kuna mtu wa timu ya mjini anakuja kuangalia vijana. Wataingia humu. Sitaki wadhani tumefuga mbuzi."

"Na ya Kelsey?"

"Hasa ya Kelsey. Hiyo ndiyo beberu mwenyewe."

Mume wangu Orest akaangua kicheko. Alikuwa amesimama pale pale mlangoni na sepetu la theluji mkononi, maana siku ile alikuwa amepata kibarua cha kusafisha njia ya kuingilia. Nakikumbuka kicheko kile mpaka leo. Mtu hachekei maneno ambayo hakuyasikia.

Nilimuuliza Garth tena, "Una hakika?" Akasema, "Mimi ndiye meneja au wewe?" Basi nikazitoa kwenye misumari. Ile ya kipa niliifua peke yake, kwa mkono, kwa maji baridi kwa kuwa ni sufu, nikailaza juu ya taulo mezani ili isivutike. Niliifua kama ninavyomwosha mtoto.

Kesho yake vijana walipoingia chumbani na kukuta harufu ya sabuni, waliigeukia misumari wote. Nilikuwa nimekuja na mfuko, bado nimeushika. Kelsey alichukua fulana yake, akainusa, akaishusha.

"Mama Verna," akasema, "umefanya nini?"

Nilimtazama Garth. Garth alikuwa pale, na kocha, na wazee wawili wa kamati. Aliangalia saa yake. Kisha akainua uso na kusema kwa sauti ya mtu aliyeshtuka, "Verna! Nani kakwambia ufue hizi?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nizaliwe Tarrow, halafu nikwambie ufue fulana za mtoano?"

Maneno yangu mwenyewe, alikuwa ameyageuza kidogo tu. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema polepole, kama mtu anayetaka kunitetea, "Hakusoma huyu. Huenda hakuelewa." Nikamgeukia mume wangu, aliyekuwa ameshika mlango, siku hiyo tena na sepetu lake.

"Orest, si ulikuwepo?"

Orest aliangalia sepetu. "Nilikuwa nakwangua theluji," akasema. "Sikusikia vizuri."

Tulifungwa katika muda wa nyongeza. Kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, kilitoka pembeni, polepole, wala hakikupigwa kwa nguvu, kikateleza juu ya barafu kama kimepotea njia, kikapita chini ya mkono wa Kelsey. Nilisikia mashine za kugandisha barafu zikivuma chini ya sakafu. Halafu mtu nyuma yangu, sikugeuka kumwona, akasema, "Sabuni." Neno moja tu. Mtu wa gazeti alipomuuliza Kelsey, naye akasema fulana ilikuwa imenywea na kumbana kwapani.

Toka hapo nikawa Mama Sabuni.

Dukani muuzaji aliniambia, "Verna, sabuni imeshuka bei, kuna timu nyingine unayotaka kuiosha?" Mgahawani wanaume waliinua vikombe nilipopita na kunusa hewa. Binti yangu alirudi kutoka shuleni akalia chooni, na nilipogonga mlango akasema, "Mama, kwa nini hukuuliza mtu anayejua?" Hata padri, siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani, aliniona nimesimama karibu na maji akasema, "Huyu mumweke mbali, maji yake yanaosha hata ushindi." Kanisa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka. Ndicho kinachoniuma zaidi, kwamba nilicheka. Mara ya kwanza unajitetea, wanakuona mkali. Mara ya pili wanasema hana utani. Mara ya tatu unacheka nao, na ukishacheka umeshatia sahihi.

Majira ya joto yalipokwisha, kamati ya uwanja ilimpa Orest kazi ya kudumu: kuendesha mashine ya kulainisha barafu. Kazi ya heshima hiyo. Watoto humpungia mkono dereva. Nilipika pirogi, vile vipande vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, nikakaanga vitunguu, nikamkaribisha Garth na mkewe kula. Garth alikula sahani mbili. Alisema, "Verna, kwa mikono hii umesamehewa." Orest aliangalia sahani yake. Nilimwongeza Garth malai ya chachu.

Niliendelea kufua. Watu huniuliza kwa nini. Kama ningeacha, ningekuwa nimekubali. Na tulihitaji kila kilichoingia. Lakini kuna jambo jingine. Miaka ilivyopita nilianza kujitilia shaka. Mji mzima unasema hivi, wewe peke yako unasema vile, na wewe ndiye hukusoma. Nilikuwa nasimama mbele ya beseni najaribu kumsikia Garth tena, na sauti yake ilikuwa inafifia. Kicheko cha Orest tu ndicho hakikufifia.

Msimu huu ligi ilitimiza miaka arobaini. Wakaandaa karamu ya Jumapili mchana katika ukumbi wa Tarrow, kwa kuwa ndio mkubwa. Garth sasa ndiye rais wa ligi nzima. Wiki moja kabla, Adeline Fjeld, mwenye kibanda cha kuuza chakula uwanjani na rafiki yangu wa siku nyingi, alinivuta kando.

"Watakuita mbele," akasema. "Kuna kitu watakupa."

"Kitu gani?"

"Sijui. Garth mwenyewe ndiye atakayekupa. Vaa vizuri."

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilifurahi. Nilijiambia, miaka imepita, mtu anazeeka, moyo unalainika. Atasimama mbele ya miji yote ya ligi aseme, nilimwambia mimi. Nilinunua gauni la buluu. Nilikwenda kwa msusi. Nilikaa mbele ya kioo nikafanya mazoezi ya uso nitakaouweka akisema hayo, uso wa mtu ambaye hana kinyongo. Orest aliniona akaniuliza, "Kwani kuna arusi?"

Ukumbi ulijaa. Kopo la malai lilikuwa limewekwa mezani mbele, wamelitia maua ya karatasi. Kwenye chumba cha kutundikia makoti nilimkuta mwanamume mwenye kitambi ananyoosha mkono. Sikumjua mpaka alipocheka. Kelsey. Anauza matrekta siku hizi, mbali huko kusini.

"Mama Verna! Bado unafua?"

"Bado nafua."

Akatazama nyuma, hakukuwa na mtu. Akashusha sauti. "Nikwambie kitu? Ile fulana haikunibana hata kidogo."

Nilibaki nimeshika koti langu.

"Kulikuwa na msichana jukwaani," akasema. "Wa Melby Lake yule. Niligeuza macho kidogo tu. Nilipoyarudisha, kisahani kimeshapita."

"Kwa nini hukusema, Kelsey?"

"Nilikuwa kijana, mama. Mjomba angeniua. Halafu ikawa hadithi tu."

"Leo wewe si kijana. Kaseme leo."

Akakuna shingo. "Sasa si watu wanaipenda hadithi hii, Mama Verna. Hata kule kwetu naisimulia, wanavunjika mbavu. Wanakupenda, jamani. Wewe ndiye mtu maarufu kuliko wote katika ligi." Akanikumbatia, akaingia ndani.

Tulikula. Kabeji zilizoviringishwa na nyama, viazi, soseji. Nilijiambia, hata kama huyu hasemi, Garth atasema, kwa nini mwingine aniite mbele? Waliwataja marais wa zamani, wakamtaja mhunzi aliyechonga majina, wakanyamaza dakika moja kwa ajili ya miji mitatu iliyotoka katika ligi, kama mtu anavyonyamaza kwa marehemu. Kisha Garth akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, historia ya ligi yetu haijakamilika bila mwanamke mmoja."

Watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza. Ndipo nilipojua. Miguu ilijua kabla ya kichwa.

"Mama Sabuni, njoo mbele!"

Nilikwenda. Kuna kitu ndani ya mtu kinachotii jina hata kama ni la matusi. Walipiga meza kwa mikono, walipiga miguu chini. Garth alifunua kitambaa: kipande cha sabuni ya kufulia, kikubwa, kimepakwa rangi ya dhahabu na kugandishwa juu ya kibao.

"Kwa Verna," akasema, "aliyeiosha Tarrow mpaka ikatakata, isibaki na kombe hata moja!"

Akanipa kipaza sauti. Ukumbi ukatulia kungoja mzaha wangu. Nilimwona Kelsey akitabasamu. Nilimwona binti yangu, mtu mzima sasa, ameinamisha macho. Nilimwona Orest, meza ya tatu, mikono juu ya mapaja, anaangalia kopo la malai. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo miaka yote, yamepangwa kama nguo kabatini. Ningeweza kusema, Garth, waambie nani alinituma. Ningeweza kusema, Orest, simama.

Nikasema, "Asanteni."

Wakasimama wote wakanipigia makofi.

Tulirudi kwa gari. Sabuni ilikuwa mapajani mwangu, rangi yake ikanishika kwenye gauni la buluu. Tulipofika jikoni, jua bado liko dirishani, sikuvua koti. Nikaiweka mezani mbele ya Orest.

"Ulisikia au hukusikia?"

"Verna, ni utani tu ule."

"Sikuulizi utani. Siku ile mlangoni. Ulisikia au hukusikia?"

Alikaa. Alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Nilisikia," akasema.

"Yote?"

"Yote. Mpaka beberu."

"Na kazi ya mashine?"

"Garth alikuwa ameshanitajia. Kabla ya mechi ile. Hakuniambia ninyamaze, Verna, wallahi hakuniambia. Nilijua tu mwenyewe."

Nilidhani nitapiga kelele. Nilidhani nitamtupia sabuni. Kumbe nilichohisi ni aibu, ya moto, mpaka masikioni, kama vile mimi ndiye niliyekamatwa. Aibu ya pirogi nilizompikia Garth. Aibu ya kulala karibu na mtu miaka yote hiyo nikijiuliza kama nina akili timamu, na jibu liko kwenye mto wa pili linakoroma.

"Basi," nikasema. "Mfuko ukija, ni wako."

Mfuko ulikuja siku ya pili, baada ya mechi. Ulikaa kibarazani. Nilipita juu yake kwenda kutupa majivu. Orest aliutazama, akanitazama. Kesho yake ulikuwa umeganda kwa baridi, umekuwa gogo. Mashine yangu ya kufulia hajui hata inavyowashwa. Siku ya tatu, timu ikiwa na mechi jioni, nilimsikia akiuburuta mpaka kwenye gari. Alikwenda nao kwenye chumba cha mashine za kufulia za kulipia, kile kinachotazamana na posta, chenye dirisha kubwa ambalo mji mzima hupita mbele yake.

Adeline alikuwa mle ndani anafua mablanketi. Ndiye aliyenisimulia, akiwa amesimama mlangoni kwangu na theluji kwenye buti, hataki hata kukaa.

"Kaingia na mfuko, Verna, hajui sabuni inawekwa wapi. Watu wanapita dirishani wanarudi kuangalia mara ya pili. Mke wa Garth akaingia. Akamwambia, 'Vipi Orest, Mama Sabuni kafukuzwa kazi?'"

"Akasemaje?"

"Akawa anatia jezi moja moja. Kisha akasema, 'Usimwite hivyo. Mumeo ndiye aliyemwambia afue. Nilikuwepo, nikacheka.' Vivyo hivyo, Verna. Na mwanamke yule akatoka bila nguo alizokuja kuchukua."

"Nani mwingine alisikia?"

"Mimi. Na yule mzee wa Kislovaki, lakini yeye hasikii vizuri. Na mashine zilikuwa zinavuma."

Ukumbini walikuwa watu mia tatu, na kipaza sauti. Huku, wanawake wawili na kiziwi mmoja. Nikamwambia Adeline, "Ni kidogo hicho." Akasema ndiyo, ni kidogo. Akaenda zake.

Nilifunga mlango nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Nilipaswa kuwa na hasira, na hasira ninayo, haijaisha, wala sijui kama itaisha. Lakini nitaandika ukweli: nilikaa pale nikarudia maneno yale, nilikuwepo, nikacheka, mara nyingi, polepole, kama ninavyosoma. Nilifurahi. Miaka yote ile, na kilichotosha kunifurahisha ni maneno machache yaliyosemwa katikati ya mashine za kufulia. Nikaona haya, mimi mtu mzima, kwa jinsi furaha yangu ilivyokuwa rahisi.

Jioni ile vijana waliingia uwanjani na jezi za rangi ya waridi. Orest alikuwa amefua nyeupe pamoja na nyekundu. Uwanja mzima uligeuka kuniangalia. Mimi nilikuwa namwangalia yeye, juu ya mashine yake, akimalizia kuizunguka barafu polepole, na hakuna mtoto aliyempungia mkono.